Eagle, SC au Mimi: utengeneze mfano wa chombo gani cha doria cha Vita Kuu ya Kwanza?

Kila muhula unapokaribia kwisha, mlango wangu hugongwa na mtoto mwenye boksi tupu la televisheni mkononi, nyuma yake kasimama mama au kaka. Swali halibadiliki: "Shikamoo mwalimu. Tutengeneze meli gani ya maonyesho?"

Wengi wanakuja na Titanic kichwani. Hao huwa nawaachia wiki mbili, wanarudi wenyewe wakiwa na madirisha mia tatu ambayo hayajatobolewa. Ninavyovipigia debe ni vyombo vidogo vya doria vya Vita Kuu ya Kwanza, vile vilivyojengwa mbiombio na watu waliokuwa wanajaribu jambo ambalo hakuna aliyekuwa na uhakika nalo. Mtu mwenye meza, wembe na subira anamaliza kimoja kabla shule hazijafungwa, na akisimama mbele ya wageni ana hadithi ya kusimulia.

Hapa nalinganisha vitatu: Eagle ya Marekani, meli ya chuma iliyojengwa na mtengeneza magari, SC (kifupi cha Kiingereza cha "mwinda nyambizi"), boti ya mbao ya Marekani pia, na Mimi, boti ya Waingereza iliyoletwa hadi Ziwa Tanganyika.

Viweke kwanza mezani kwa skeli moja, 1:100. Eagle itakuwa na urefu wa sentimita 61, kama meza ndogo ya kahawa. SC sentimita 33 na nusu. Mimi sentimita 12, inalala kiganjani. Cha ajabu ni kwamba kwa mbio hazikuachana: Eagle noti 18 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), SC noti 18, Mimi noti 19. Tofauti iko kwenye gharama ya kuzipata hizo noti. Eagle ilihitaji turbini ya mvuke yenye nguvu za farasi 2,500 na boila mbili za mafuta mazito. SC ilitumia injini tatu za petroli, kila moja nguvu za farasi 220. Mimi ilikuwa na injini mbili za nguvu 100 basi. Mwanafunzi akiziandika namba hizi kwenye kibao mbele ya mifano yake mitatu, hata mwalimu wa fizikia atasimama.

Eagle: meli ya fundi magari

Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazamisha meli za mizigo Atlantiki kwa kasi ya kutisha. Dawa iliyojulikana ilikuwa manowari nyepesi za kusindikiza, distroya, lakini kila kiwanda kilichojua kuzijenga kilikuwa kimeelemewa. Boti za mbao za futi 110 zilikuwa zinajengwa tayari, ila Jeshi la Majini liliziona ndogo mno kukaa siku nyingi bahari kuu. Kikatakiwa chombo cha katikati, cha chuma, na kijengwe na mtu ambaye hajawahi kujenga meli, kwa sababu waliojua hawakuwa na nafasi.

Mtu huyo alipatikana karibu na Detroit. Henry Ford alikubali, kwa sharti moja ambalo ndilo linaloifanya Eagle iwe mfano mzuri wa kutengeneza nyumbani: mabamba ya ganda yawe bapa. Bamba la meli ya kawaida hukunjwa kwa moto na mafundi waliokaa kazini miaka mingi. Vijana wa Ford walijua kukata chuma, kukitoboa na kukiunga, vipande elfu vikifanana. Basi mchoro ukatolewa mizunguko yake. Matokeo yake yanaonekana kwenye picha yoyote ya Eagle: mbavu zimenyooka, kona ni kali, omo ni bapa mbili zilizokutana. Ukiitazama kwa mbele unaona sanduku lililonolewa.

Januari 1918 Ford alipewa kazi ya meli 100, zikaongezwa 12 zilizokusudiwa Italia. Jina Eagle, yaani tai, lilitoka kwenye tahariri ya gazeti la Washington Post iliyotamani apatikane tai wa kupekua bahari na kuzirukia nyambizi. Serikali ikagharamia kiwanda kipya kando ya mto Rouge, jengo la futi 1,700, zaidi ya nusu kilomita. Ford aliamini maganda yatapita mbele ya mafundi bila kusimama, kama gari la Model T. Haikuwezekana, ganda la mita 61 halisukumwi kama gari. Wakaishia kulisogeza kituo kwa kituo: likifika linasimama, kazi inafanyika, linavutwa tena.

Hata kushushwa majini kulikuwa kwa namna yake. Hakukuwa na mtelezo wa kuiachia meli iteremke yenyewe. Ganda lilitolewa nje juu ya behewa pana likivutwa na trekta, likapandishwa kwenye jukwaa la chuma la futi 225 ukingoni mwa maji, halafu jukwaa lote likazamishwa futi 20 kwa mitambo ya haidroliki mpaka meli ikaelea. Mwanafunzi mmoja wangu aliwahi kutengeneza jukwaa hilo kwa mabomba ya sindano yaliyojazwa maji, ukisukuma bomba moja jukwaa linashuka. Wageni waliisahau meli, wakabaki wanachezea jukwaa.

Ahadi ya Ford ilikuwa meli moja ifikapo katikati ya Julai 1918, kumi ifikapo katikati ya Agosti, ishirini katikati ya Septemba, kisha 25 kila mwezi. Ya kwanza ilishushwa majini tarehe 11 Julai, kwa wakati kabisa. Lakini ganda kuelea ni mwanzo tu, bado mabomba, nyaya, mizinga, boila. Eagle 1 iliingia kazini mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 11 Novemba bunduki zikanyamaza Ulaya. Mwaka ulipokwisha zilikuwa zimekabidhiwa saba. Oda ikapunguzwa hadi 60, na 53 zilizobaki zikatoka mwaka 1919, vita imekwisha.

Nini kilichelewesha? Kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko maelezo yote makubwa. Mafundi wengi walikuwa hawajawahi kugusa meli, na badala ya kujengewa majukwaa ya kusimamia walifanya kazi juu ya ngazi. Fundi aliye kwenye ngazi ana mkono mmoja wa kazi na mmoja wa kujishikilia. Boliti za kubana mabamba kabla ya ribiti hazikukazwa sawasawa, vumbi la chuma la kutobolea likanasa kati ya bamba na bamba. Ukigonga ribiti juu ya mchanga huo, mshono unaonekana umefungwa kumbe umeacha upenyo. Matangi ya mafuta yakavuja, kazi ikarudiwa. Ninawaambia wanangu hivi: kabla ya kubandika, futa vumbi la msasa. Gundi haishiki vumbi, na Eagle ndiyo ushahidi.

Waliosafiri nazo hawakuzisifu. Zilikuwa na rafadha moja tu, ziliyumba, na sitaha ililowa maji. Eagle 25 ilipinduliwa na dhoruba ya ghafla katika ghuba ya Delaware mwezi Juni 1920. Eagle 1, 2 na 3 zilitumwa mwaka 1919 hadi Arkhangelsk, kaskazini mwa Urusi, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, kwa hiyo angalau tatu zilifika kwenye uwanja wa vita, hata kama si ule zilioundiwa.

Nane zilikuwa bado kazini Vita Kuu ya Pili. Mojawapo, Eagle 56, ndiyo iliyookoa manusura wa distroya Jacob Jones Februari 1942. Tarehe 23 Aprili 1945, karibu na Portland, Maine, ikiwa kwenye kazi ya kuvuta shabaha ya mazoezi ya ndege, ilikatika vipande viwili. Walikufa watu 49, wakaokoka 13. Bodi ya uchunguzi ikasema ni boila iliyolipuka. Manusura walisema waliona nyambizi, wengine wakataja alama nyekundu na njano kwenye mnara wake. U-853 ya Ujerumani ilikuwa na picha ya farasi mwekundu kwenye ngao ya njano, na ilizamishwa siku chache baadaye, tarehe 6 Mei, karibu na kisiwa cha Block. Ilichukua hadi 2001 Jeshi la Majini kubadili uamuzi wake na kukiri kwamba ni nyambizi. Wapiga mbizi waliyapata mabaki ya Eagle 56 mwaka 2018. Ndiyo kusema: chombo kilichobuniwa 1918 kupambana na nyambizi kilikutana na yake miaka 27 baadaye, nayo ikakiwahi.

Kuhusu kazi ya mikono. Eagle ni ya manila na kadibodi. Ubavu ni kipande kimoja kirefu, kona unaikwaruza kwa mgongo wa wembe kisha unaikunja juu ya ukingo wa meza. Hakuna mbao ya kuloweka, hakuna kuchonga. Ndani weka vigawanyo vya kadibodi kila sentimita tano, la sivyo ubavu utabonyea gundi ikikauka. Bomba la moshi ni moja, karatasi uliyoizungushia penseli. Mizinga ya inchi 4 ni miwili, wa inchi 3 mmoja, na vijiti vya meno vinatosha. Tabu yake ni ubapa wenyewe. Kosa la milimita moja linaonekana kutoka mlangoni, kwa sababu hakuna mzunguko wa kulificha.

SC: boti ya maseremala

Hizi zilitangulia. Kwa kuwa viwanda vya chuma vilikuwa vimejaa, Jeshi la Majini liligeukia watu waliokuwa hawana kazi ya vita: wajenzi wa boti za uvuvi na za starehe. Mbunifu Loring Swasey akachora boti ya futi 110, mataruma ya mwaloni, ubao wa msonobari, ambayo karakana ya kawaida ingeiweza. Zikatoka 441 kati ya 1917 na 1919, na 100 kati yake zikaenda Ufaransa. Linganisha na saba za Ford mwaka ule wa 1918, utaona nani alibahatisha na nani alijua anachokifanya. Mabaharia waliziita msafara wa vibanzi.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa Mafia au Lamu akitazama jahazi linajengwa atazielewa bila kuelezwa: mkuku, mataruma, mbao, kalafati. Kilicho kipya ni kilichokuwa sitahani na chini ya maji. Juu kulikuwa na mzinga wa inchi 3 na mtambo wenye umbo la Y uliorusha pipa la baruti kila upande wa boti kwa mlipuko mmoja, mapipa yazame na kulipuka huko chini. Chini kulikuwa na mirija ya kusikilizia. Na hapa ndipo zilipokuwa jaribio hasa: sauti ya nyambizi isingesikika huku injini zako tatu zikinguruma, kwa hiyo boti ziliwinda tatu tatu, zikizima injini kwa pamoja. Msikilizaji wa kila boti alionyesha upande sauti inakotoka. Mistari mitatu ikikutana kwenye ramani, hapo ndipo adui alipo, au alipokuwa dakika iliyopita. Injini zinawashwa, mbio, zima tena, sikiliza.

Zilivuka Atlantiki kwa kupitia Bermuda na Azores, zikakaa Plymouth ya Uingereza, Queenstown ya Ireland na kisiwa cha Corfu, Ugiriki. Za Corfu zililinda mlango wa bahari wa Otranto, kati ya Italia na Albania, na zilikuwepo Durazzo, Albania ya leo, bandari hiyo iliposhambuliwa tarehe 2 Oktoba 1918. Hakuna nyambizi iliyothibitika kuzamishwa nazo. Boti mojawapo haikuuawa hata na adui: SC-209 ilizamishwa Agosti 1918 na meli ya mizigo ya Marekani yenyewe, iliyodhani imeona nyambizi usiku.

Mfano wake ni mtamu kuutazama na mgumu kuutengeneza. Ubao wa milimita moja unaulowesha usiku kucha, unaufunga kwenye mataruma kwa vibanio vya nguo, unauacha ukauke. Wa kwanza niliojaribu ulipasuka omoni mbao tatu mfululizo, kwa sababu nilikosa subira nikaulowesha saa moja tu. Ukimaliza, paka rangi ya kijivu. Najua utataka vaanishi ili kazi yako ionekane, lakini hizi zilikuwa boti za vita.

Mimi

Jina kwanza, maana darasa litacheka tu. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson alipendekeza boti zake mbili ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake London wakakataa. Akaleta Mimi na Toutou, majina ya kuitia paka na mbwa kwa Kifaransa, yakapita. Hakujua kwamba anaipeleka Mimi mahali ambapo kila mtu ni mimi.

Zilikuwa boti za futi 40 za kampuni ya Thornycroft, za mbao ya mahogani, zilizokusudiwa awali kuhudumia ndege za majini za Ugiriki. Zikafungwa mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma, ili zikaondoe meli za Wajerumani zilizolitawala Ziwa Tanganyika. Ziliondoka Uingereza Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, kisha treni hadi Fungurume, Katanga, nchini Kongo. Kutoka hapo reli iliisha. Zikavutwa juu ya matoroli yao kwa injini za mvuke za barabarani na ng'ombe, zikavuka milima ya Mitumba, njia ikikatwa na madaraja yakijengwa na wenyeji wa vijiji vya pale. Baadaye reli fupi hadi Bukama, mto Lualaba, reli tena ya Kabalo hadi ziwani Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Zikaingia majini wiki ya Krismasi. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata Kingani, ambayo mzinga wake ulielekea mbele tu, kwa hiyo boti zilizunguka nyuma yake. Kingani ikatengenezwa ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Iliyobaki, kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Iliopolewa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina ambalo msomaji wa Kigoma halihitaji kuelezwa: Liemba.

Kwa kiganja, Mimi ni rahisi: kipande kimoja cha mbao laini, kisu, msasa, jioni mbili. Wengi hukosea kwa kuiweka majini. Boti ya sentimita 12 juu ya karatasi ya buluu haimshtui mtu. Itengeneze juu ya toroli lake, mbele injini ya mvuke na safu ya ng'ombe wa udongo, mlima wa karatasi iliyolowekwa uji wa unga, na watu wanaokata miti. Na watu hao wawe wengi kuliko Waingereza, ndivyo ilivyokuwa.

Basi uchukue ipi?

Kama ni mara yako ya kwanza na una boksi la televisheni na wembe, chukua Eagle. Nasema hivyo nikijua ndiyo iliyofanya vibaya kuliko zote vitani. Mizunguko yake iliondolewa ili asiyejua meli aijenge, na wewe ndiye huyo. Pia ndiyo yenye mengi ya kujibu maswali: kwa nini kiwanda kilichomudu magari kilishindwa na meli, kwa nini bodi iliamini boila kuliko watu waliokuwa majini.

Kama baba yako au mjomba ni fundi wa mashua, usipoteze bahati hiyo, jenga SC. Atakuonyesha kwa mkono namna ya kulowesha ubao ambayo mimi nimeishindwa kuiandika. Ila tenga muhula mzima.

Mimi ichukue kama maonyesho yako yako Kigoma, Kalemie, Bujumbura, mahali ambapo ziwa lenyewe linaonekana dirishani, au kama umebakiwa na wiki moja. Mlima utakula muda kuliko boti, jipange.

Ukishachagua Eagle, amua namba kabla ya rangi. Eagle 1 inakupa kiwanda na safari ya Urusi. Eagle 25 inakupa ajali ya ghubani, fupi mno kwa maelezo ya dakika tano. Kwa upande wangu huandika 56. Tumia rangi nyeupe na brashi iliyobakizwa nywele tatu, pande zote mbili za omo, na uandike ubavu ukiwa bado umelala bapa mezani, kabla hujaukunja.